Mgonjwa wa kongosho apimwe mkojo kila saa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie maradhi ambayo watu wengi hapa Unguja na Pemba huyasikia kwa mara ya kwanza pale jamaa yao anapokuwa ameshalazwa: kuvimba ghafla kwa kongosho. Tunawaandikia wauguzi na madaktari wenzetu wa hospitali za wilaya na vituo vya afya, na pia jamaa wanaokaa kando ya kitanda kutwa kucha. Haja yetu ni moja. Madhara makubwa ya maradhi haya hujionesha mapema, tena kwa vipimo visivyohitaji mashine ya gharama, na mara nyingi yanatupita kwa sababu hakuna aliyepima wala kuandika.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, limekatisha mbele ya uti wa mgongo. Hutengeneza insulini, na pia maji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula. Vimeng'enya hivyo huwa vimelala mpaka vifike kwenye utumbo. Kijiwe kidogo kikitoka kwenye mfuko wa nyongo kikakwama pale mrija wa nyongo unapokutana na wa kongosho, au pombe ikilijeruhi, vimeng'enya huamka humo humo ndani na kongosho huanza kujila lenyewe. Maumivu huja kwa ghafla chini ya chembe cha moyo, hupenya hadi mgongoni, na mgonjwa hupata nafuu kidogo akikaa na kuinama mbele. Hutapika, na kutapika hakumpunguzii kitu.

Saa za mwanzo hupotea hapa. Wengi huambiwa ni vidonda vya tumbo au gesi, wakachomwa sindano ya diklofenaki na kurudishwa nyumbani. Sindano ile hutuliza maumivu kweli, lakini kwa mtu aliyetapika usiku kucha na kukaukiwa na maji hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo ni miongoni mwa viungo vya mwanzo kushindwa katika maradhi haya. Mofini kidogo kidogo mshipani inamfaa zaidi. Ile hofu ya zamani kwamba mofini hubana mrija wa kongosho na kuzidisha ugonjwa haijathibitika kwa wagonjwa, na hakuna sababu ya kumwacha mtu agaragare kwa maumivu kwa ajili yake.

Maradhi huthibitishwa kwa mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya namna tuliyoeleza, lipasi au amilasi (vimeng'enya vya kongosho) kwenye damu iliyopanda mara 3 au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayoonesha kongosho limevimba. Amilasi hupanda ndani ya saa 6 hadi 12 na hushuka baada ya siku 3 hadi 5. Mgonjwa aliyekaa nyumbani siku nne akinywa dawa za miti anaweza kuja na amilasi ya kawaida kabisa na kongosho lake likawa linaungua. Lipasi hubaki juu kwa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo maabara ikiwa nazo zote mbili, iombwe lipasi. Na kipimo kikishathibitisha, hakuna faida ya kukirudia kila siku. Kiwango cha lipasi hakisemi kama mgonjwa anazidi au anapona.

Kuna jambo jengine ambalo hapa kwetu ni zito. Mtu akisikia kongosho, fikra huenda kwenye pombe, na mgonjwa na familia yake huanza kuona haya. Chanzo cha mwanzo duniani ni vijiwe vya nyongo, na wanaovipata zaidi ni wanawake, hasa waliozaa. Vipo pia mafuta ya damu yaliyopindukia, dawa fulani, kipigo cha tumbo kama usukani wa pikipiki, na minyoo mikubwa ya chango inayopanda kwenye mrija wa nyongo, ambayo kwa Pemba hatuwezi kuisahau. Asihukumiwe mtu kwa jina la maradhi. Lakini suali la pombe lazima liulizwe, na liulizwe faragha, jamaa wakiwa nje. Mtu anayekunywa gongo au tembo kila siku akalazwa ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho baada ya saa 6 hadi 24, anaweza kupata kifafa, na siku ya pili au ya tatu akaweweseka na kuona visivyokuwepo. Asiyejua habari ya pombe atadhani ni sumu ya kongosho iliyopanda kichwani, au jamaa watasema ana shetani. Mgonjwa huyo pia apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya dripu yoyote ya sukari, la sivyo ubongo wake unaweza kuharibika moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa pana ugomvi wa kila siku wodini. Uvimbe wa kongosho humwaga kemikali kwenye damu, kuta za mishipa midogo huanza kuvuja, na maji ya damu huhamia tumboni na mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa amekauka mishipani na huku mwili umejaa. Kwa miaka mingi tulifundishwa kumimina maji kwa wingi. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa uliowalinganisha wagonjwa waliopewa maji mengi na waliopewa ya wastani. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliozidiwa na maji walikuwa asilimia 20.5 upande wa maji mengi na asilimia 6.3 upande wa wastani, na maji mengi hayakuzuia ugonjwa kuwa mkali.

Maji ya wastani ni haya: mgonjwa aliyekauka hupewa mililita 10 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 2, kisha mililita 1.5 kwa kilo kwa saa. Asiyekauka huanza na hiyo 1.5 moja kwa moja. Tuchukue mtu wa kilo 60. Atapata mililita 600 za mwanzo, kisha 90 kwa saa. Kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 30 kwa dakika, yaani tone moja kila sekunde mbili, na chupa ya mililita 500 itamchukua saa tano na nusu. Jamaa anayeiona dripu inakwenda polepole asiifungue ili "iishe upesi". Tumeliona hilo likifanywa kwa huruma tu, na matokeo yake ni mapafu kujaa maji. Maji yenye kufaa ni Ringer laktati. Wenzetu wakumbuke kwamba ndani yake mna kalsiamu, kwa hiyo antibiotiki ya seftriaksoni isipite kwenye mpira mmoja nayo kwa wakati mmoja, kwani huganda. Dripu isimamishwe na mpira usafishwe kwa maji ya chumvi kwanza.

Tutajuaje kuwa maji yanatosha? Kwa mkojo. Mtu wa kilo 60 anapaswa kutoa angalau mililita 30 kwa saa, nusu mililita kwa kila kilo. Wekeni mpira wa mkojo kwa mgonjwa aliye mahututi. Kwa anayejiweza, jagi lenye alama linatosha, na kila anachokojoa kipimwe na kuandikwa pamoja na saa. Kuandika "amekojoa" hakusaidii kitu. Ikipita saa tatu akiwa amepata mililita 40 tu, daktari aitwe usiku huo huo, asisubiriwe mzunguko wa asubuhi. Pamoja na mkojo, kila saa nne yaandikwe mapigo ya moyo, pumzi kwa dakika, joto, presha na oksijeni ya kidoleni. Mapigo zaidi ya 90, pumzi zaidi ya 20, joto juu ya 38 au chini ya 36, chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000: zikikutana mbili kati ya hizi zikadumu baada ya saa 48, huyo yumo hatarini. Urea, yaani taka ya damu inayotolewa na figo, inayopanda katika saa 24 za mwanzo, au damu inayobaki nzito yenye hematokriti (kiasi cha chembe nyekundu) ya asilimia 44 au zaidi licha ya maji, ni onyo la namna hiyo hiyo. Vipimo hivi havihitaji siti skani. Na siti skani ya siku ya kwanza mara nyingi hudanganya, kwa sababu sehemu iliyokufa ya kongosho haionekani vizuri mpaka zipite siku tatu hivi. Ni bora fedha hiyo iwekwe.

Kuhesabu pumzi tunaomba kusiwe kwa kukisia. Mkono uwekwe kifuani, saa iangaliwe, dakika nzima. Upande wa kushoto wa kifua hukusanya maji mara nyingi zaidi, kwa kuwa mkia wa kongosho uko karibu na hapo. Hilo peke yake huvumilika. Linalotisha ni mapafu yote mawili kulowa: pumzi hufika 30, oksijeni hushuka chini ya asilimia 90 hata akiwa na barakoa ya oksijeni, na hapo anahitaji mashine ya kupumulia. Pumzi kupungua kwa dakika chache baada ya kuketishwa na kuongezewa oksijeni kusimpumbaze mtu. Ikiwa kiungo kimoja, pafu, figo au moyo, kimeshindwa na hakikurudi ndani ya saa 48, ugonjwa umeingia daraja la ukali. Wengi wanaopata kongosho, kiasi cha wanne katika kila watano, hawafiki hapo na hurudi nyumbani ndani ya wiki moja. Huyo wa tano ndiye anayetusumbua, na saa ya kulazwa hatumjui ni nani.

Tumbo nalo liangaliwe. Likivimba likawa gumu kama ngoma na mkojo ukakoma ingawa dripu inakwenda, pengine mgandamizo wa ndani umekuwa mkubwa hata figo hazipati damu. Kumzidishia maji ni kumzamisha. Mgandamizo huo unaweza kupimwa bila mashine: mgonjwa alale chali, mililita 25 za maji ya chumvi ziingizwe kwa usafi kwenye kibofu kupitia mpira wa mkojo, mpira uinuliwe wima, na kwa rula upimwe urefu wa maji kuanzia usawa wa katikati ya ubavu, mgonjwa akimaliza kutoa pumzi. Urefu wa sentimita 27 ni sawa na milimita 20 za zebaki. Ukizidi hapo na kiungo kimoja kimeanza kushindwa, ni dharura. Ama ile michubuko ya rangi ya zambarau kitovuni na kiunoni inayotajwa vitabuni, hutokea kwa wachache, na kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuiona. Asingojewe nayo mtu.

Sukari ipimwe kila saa sita, hata kwa asiye na kisukari, kwani kongosho lililojeruhiwa huenda lisitoe insulini ya kutosha. Ikipita milimoli 10 kwa lita mara mbili mfululizo, daktari aamue juu ya insulini. Kalsiamu pia hushuka, maana mafuta yaliyosagwa tumboni huinasa. Mgonjwa akilalamika ganzi kuzunguka midomo au vidole vikijikunja vyenyewe, au mkono ukikakamaa pale mkanda wa presha unapoachwa umebana kwa dakika tatu, kalsiamu ipimwe na arudishiwe polepole mshipani, moyo ukiangaliwa.

Kwa jamaa tuna neno kuhusu dafu. Kumpelekea mgonjwa dafu ni desturi yetu nzuri, na kwa mwenye kuharisha lina faida. Lakini maji ya dafu yana potasiamu nyingi, takriban mara kumi ya ile iliyomo kwenye Ringer laktati. Figo zikiwa zimelegea, potasiamu haitoki, hujikusanya kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo bila ya onyo. Madafu matatu kwa siku, yaliyoletwa kwa mapenzi na hayakuandikwa popote, yanaweza kumuua mtu ambaye mkojo wake ni kidogo. Kabla ya dafu, juisi au ndizi, aulizwe muuguzi mkojo ni kiasi gani na potasiamu imepimwa lini.

Chakula kwa jumla hakikatazwi. Ule utaratibu wa kumweka mtu siku tano bila ya kula "ili kongosho lipumzike" umepitwa na wakati, na bado unafanywa. Utumbo usiopata chakula hudhoofika kuta zake, na vijidudu huvuka kuingia kwenye kongosho lililokufa. Mgonjwa akiwa na njaa na hatapiki, aanze kula ndani ya siku ya kwanza au ya pili, hata kama bado ana maumivu kidogo na lipasi iko juu. Uji wa mchele, boflo, viazi vya kuchemsha, changu wa kuchemsha kwa ndimu na chumvi, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Tui la nazi, maandazi, chapati za mafuta, biriani na urojo wenye bajia visubiri. Akishindwa kula hadi siku ya nne hivi, apitishiwe mpira puani na kulishwa kwa njia hiyo. Lishe ya mshipani iwe ya mwisho kabisa.

Wakati wa kumhamisha mgonjwa unastahili kufikiriwa mapema zaidi kuliko tulivyozoea. Kutoka Micheweni au Wete kwenda Mkoani, na kutoka Pemba kuvuka kwenda Unguja au hata Dar es Salaam, njia ina barabara, bandari, kusubiri na bahari. Dalili mbili zilizodumu, mkojo uliopungua, oksijeni inayoshuka: hapo ndipo pa kupiga simu, angali anaweza kukaa na kusema. Anayepumua mara 40 kwa dakika havuki salama. Oksijeni ihesabiwe kabla ya kuondoka. Silinda ya lita 680 kwa mwendo wa lita 5 kwa dakika humaliza baada ya saa mbili na robo hivi, basi ichukuliwe ya kutosha mara mbili ya muda unaotarajiwa. Na aende na karatasi yake: uzito, saa maumivu yalipoanza, maji yaliyoingia, mkojo uliotoka, dawa zote alizopewa pamoja na zile za dukani. Hospitali inayompokea mgonjwa bila ya karatasi hiyo huanza kumjaza maji upya.

Baada ya wiki ya kwanza hatari hubadilika sura. Mgonjwa alikuwa anapata nafuu, kisha siku ya kumi au ya kumi na nne homa inarudi, moyo unakwenda mbio, hamu ya chakula inatoka. Huenda ni nyama ya kongosho iliyokufa na sasa imeingiliwa na vijidudu. Siti skani ya wakati huu ina thamani yake, na vipovu vya hewa ndani ya ile sehemu iliyokufa ni ushahidi tosha. Sasa ndipo antibiotiki zinapostahili, na ziwe zile zinazopenya kwenye kongosho, kama meropenemu, au siprofloksasini pamoja na metronidazoli. Kuzitoa siku ya kwanza kwa kujihami hakuzuii maambukizi haya. Hulea vijidudu sugu na fangasi. Jamaa huuliza kwa nini hapasuliwi upesi usaha ukatolewa. Ni kwa sababu mwanzoni kilichokufa na kilicho hai vimeshikana, na kupasua mapema kunaleta damu isiyozuilika. Kwa kawaida hungojewa kiasi cha wiki nne, ukuta ujengeke kuzunguka uchafu, mgonjwa akiweza kuvumilia. Akishindwa kuvumilia, hutangulizwa mpira mwembamba wa kutolea usaha kupitia ubavuni. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba asilimia 35 ya walioanzia na mpira huo hawakuhitaji upasuaji kabisa. Mpira huo husafishwa kwa maji ya chumvi mara tatu kwa siku kwa uchache, maana usioguswa huziba. Damu nyekundu ikitoka humo, hata kijiko kimoja, isipuuzwe: mara nyingi ni mshipa mkubwa wa damu ulioliwa na vimeng'enya, na kuvuja kidogo hutangulia kupasuka.

Mfuko wa maji unaobaki pembeni ya kongosho baada ya wiki nne, ikiwa haumpi maumivu, haumtapishi na haumletei manjano, uachwe. Ukubwa peke yake si sababu ya kuutoboa.

La mwisho ni vijiwe vya nyongo, na hapa tuna malalamiko ya dhati juu ya utaratibu ulivyozoeleka katika hospitali nyingi. Mgonjwa anapona, ultrasaundi imeonesha vijiwe, naye anaruhusiwa na kuambiwa arudi baada ya miezi miwili kwa upasuaji. Utafiti wa mwaka 2015 uliwalinganisha wagonjwa waliougua kidogo waliotolewa mfuko wa nyongo kabla ya kuruhusiwa na waliongoja siku 25 hadi 30: matatizo ya nyongo yaliwarudisha hospitali au kuwaua asilimia 5 ya wale na asilimia 17 ya hawa. Kwa mtu wa Makangale au Kojani anayekodi gari na kupanda boti kila mara, kungoja kuna gharama juu ya gharama. Aliyeugua kidogo atolewe mfuko wa nyongo katika kulazwa huko huko. Aliyeugua vikali, mwenye maji yaliyojikusanya, ndiye wa kungoja mpaka yatulie. Mwenye manjano, homa na kutetemeka kwa pamoja asingoje lolote: mrija umeziba na umeoza ndani, na uzibuliwe ndani ya saa 24.

Karatasi ya kuruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili: chanzo kilichopatikana, tarehe ya upasuaji kama haujafanywa, dawa za kuacha, na kwamba sukari ipimwe tena baada ya miezi mitatu, kwani kisukari huweza kuja baadaye. Iandikwe pia kwamba choo chenye mafuta kinachoelea na kupungua uzito ni dalili kuwa vimeng'enya havitoshi, na vipo vidonge vyake vya kumeza pamoja na chakula. Anayetaka kufunga Ramadhani aje aulize kabla ya Shaabani kumalizika, ili vipimo vyake viwe tayari.

Wenu,
Wahudumu wa wodi za upasuaji na magonjwa ya ndani,
Pemba